Msimu Mmoja wa Tsofa Huko Morisi

Tsofa wa Mwarandu alizaliwa Rabai, akakulia Mikindani, na hata siku anaoa uzito wake ulikuwa wa mtoto wa shule. Hakuwa mgonjwa. Alikula kama watu, akalima kama watu, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama vya baba yake. Ni mwili tu uliokataa kuongezeka. Wakati wa vita alikwenda bandarini Kilindini kutafuta kazi ya kuchukua magunia. Serangi, msimamizi wa wachukuzi, alimtazama mara moja akamwambia aende akajifunze kushona nguo. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Tsofa naye akacheka, maana maneno hayo alishayazoea, kisha akashika njia ya kurudi kwake Changamwe kwa miguu, akiwaza atamwambia nini mkewe.

Karibu na stesheni ya Changamwe palikuwa na mabanda marefu ya mabati. Humo waliwekwa farasi walioteremshwa kwenye gari la moshi kutoka bara, wakapumzishwa na kunyweshwa maji mpaka meli yao ifike. Siku hiyo farasi mmoja alikuwa amekata kamba akasimama katikati ya reli, na watu wazima wanne walikuwa wamemzunguka wakimpigia kelele. Kila wakipiga kelele, masikio yake yalizidi kulala nyuma. Tsofa alisimama akatazama. Kisha, bila kuitwa na mtu, akasogea akachutama mbele ya yule mnyama kama mtu anayengoja chungu kichemke, akainamisha macho chini. Walikaa vile kitambo. Mwisho farasi alishusha shingo akamnusa kichwani, na Tsofa akainuka taratibu akashika kipande cha kamba.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Kamau, saisi kutoka Limuru aliyewatunza farasi tangu utoto katika mashamba ya wazungu. Alimwuliza Tsofa nani amemfunza. Tsofa akajibu kwamba hajapata kumgusa farasi maishani. Alidhani tu kwamba mnyama aliyepigiwa kelele na watu wanne angependa kumwona mmoja aliyenyamaza. Kamau akamshika mkono akampeleka kwa bwana wa mabanda, na siku ile ile Tsofa akaandikwa kazi.

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Asubuhi, jua halijawa kali, Kamau alimpandisha juu ya farasi wapole, wakaenda nao mpaka karibu na Mikindani na kurudi. Kamau alikuwa mwalimu mkali asiyependa maneno mengi. Alimwambia ashike hatamu kama anavyomshika mkono mtoto anayelala, si kama kamba ya ndoo kisimani. Alimwangusha mara nyingi kwa makusudi ili azoee kuanguka. Baada ya mwaka mmoja Tsofa aliweza kumpanda farasi bila tandiko, akajua kwa mapaja yake tu kama mnyama amelala vizuri, kama ana kiu, kama anaogopa. Mkewe, Mbeyu, alilalamika kwamba nguo zake zinanuka zizi. Lakini alilalamika kwa sauti ya mtu ambaye mumewe ana kazi.

Vita vilikwisha. Mwaka wa arobaini na sita alikuja Mfaransa mmoja kutoka kisiwa cha Morisi, jina lake Larosh, akanunua farasi watatu huko bara kwa ajili ya mashindano ya mbio ya kwao. Alihitaji saisi wa kusafiri nao melini. Bwana wa mabanda alimtaja Kamau, lakini Kamau alikuwa akiiogopa bahari waziwazi, hata kivuko cha Likoni hakukipanda, naye akasema mtu wa Limuru hana sababu ya kwenda kufa maji Morisi. Akamtaja Tsofa.

Mbeyu alikuwa na mtoto mchanga, Dorcas, ambaye hajaanza hata kukaa. Hakumzuia mumewe. Alimwuliza tu atarudi lini, na Tsofa akasema meli ikisharudi naye atarudi, jambo ambalo aliliamini kweli. Aliyekuwa na neno ni baba yake Mbeyu, mzee Garama, katekista wa kanisa lao. Mzee Garama alisema kutunza wanyama ni kazi njema. Anachokihofia ni hizo mbio, maana amesikia kwamba palipo na mbio za farasi pana kamari na ulevi. Tsofa alimwahidi kwamba yeye atakwenda kutunza tu.

Meli iliondoka Kilindini ikiwa na farasi watatu katika vibanda vya mbao juu ya sitaha: mweusi mkubwa aliyeitwa Meja, mmoja wa kijivu, na jike mwekundu ambaye Tsofa alimwita Shaba kwa sababu ya rangi yake. Karani wa meli alikuwa na jina lingine la Shaba katika karatasi zake, la Kifaransa, lakini yule farasi aliitikia la Tsofa.

Safari ilikuwa shwari mpaka walipokaribia Bukini, yaani Madagaska. Hapo bahari ikachafuka. Tsofa alikuwa ameona tangu jana yake kwamba Meja haukanyagi vyema mguu mmoja wa mbele, kwamba anauinua na kuushusha kama anayekanyaga kaa la moto. Alijaribu kumweleza baharia mmoja kwa ishara. Baharia akatikisa kichwa akaenda zake. Meli ilipolala upande, Meja akaanguka kibandani mwake, na Tsofa akausikia mfupa ukivunjika kabla hajaona kitu. Afisa wa meli alikuja na bunduki. Tsofa ndiye aliyekishika kichwa cha Meja mapajani, akamfunika macho kwa shati lake, kwa kuwa hakuwako mtu mwingine ambaye yule farasi angemtulia. Wakamtupa baharini. Siku zilizobaki Tsofa alikaa karibu na Shaba, na kila mara akaipapasa miguu yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mabaharia wakawa wanamcheka.

Huko Morisi farasi walipokelewa na saisi wa Larosh, Mngazija mmoja wa makamo aliyeitwa Mmadi, ambaye alijua Kiswahili kwa kuwa alipata kukaa Unguja. Kwa Tsofa ilikuwa kama amekuta ndugu. Mmadi alimpa mahali pa kulala, akamwonyesha uwanja wa mbio uliokuwa chini ya milima, mji ukiwa umeuzunguka, na akawa mdomo wake mbele ya Mfaransa.

Shaba hakukubali mtu. Wapanda farasi wawili wa Larosh walijaribu, wakaanguka wote wawili, na mmoja akasema mnyama huyo hafai ila kuvuta gari la miwa. Kwa muda huo Tsofa ndiye aliyekuwa akimtoa asubuhi kumnyoosha miguu. Hakuwa na fikira yoyote nyingine. Siku moja, ukungu ukiwa bado mlimani, alimwacha Shaba aende shoti kama alivyotaka mwenyewe, akazunguka naye uwanja mzima, na aliporudi alimkuta Larosh amesimama kando ya uzio, kofia mkononi.

Larosh alisema maneno machache. Mmadi akayafasiri.

"Anauliza una uzito gani."

Tsofa alidhani atafukuzwa. Wakampeleka kwenye mzani wa kupimia shayiri ya farasi, akasimama juu yake akiona haya, na Larosh aliposoma alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu farasi wafike. Tsofa alikuwa na miaka zaidi ya ishirini na mitano, na hakukumbuka hata siku moja kabla ya hiyo ambapo mtu alifurahia uzito wake.

Alikumbuka ahadi yake kwa mzee Garama. Aliwaza jambo hilo siku mbili, akajiambia kwamba kucheza kamari ni kitu kimoja na kumpanda farasi ni kingine, ingawa alijua vilevile kwamba mzee Garama asingelikubali hoja hiyo. Meli ya kurudi Mombasa ikaondoka bila yeye. Alimwandikia Mbeyu kwamba kazi imerefuka, kwamba kisiwa kina mvua na miwa mingi, na kwamba Shaba hajambo. Habari ya kushindana hakuiandika.

Mara ya kwanza kushindana aliingia wa mwisho. Farasi wengine walipombana alivuta hatamu kuwapisha, kama mtu mwenye adabu anavyopisha njiani, na Mmadi alicheka mpaka akajishika mbavu. Mara ya pili hakumpisha mtu, akaingia wa tatu. Mara ya tatu aliwaacha wote nyuma.

Kilichomshangaza hakikuwa kushinda, bali ukimya. Nje watu walikuwa wakipiga makelele, lakini juu ya Shaba, mwili umeinama na uso karibu na shingo yake, hakusikia ila pumzi ya farasi na kishindo cha kwato, na hilo shati la hariri la manjano walilomvika likipepea mgongoni. Aliona kwamba hapo juu udogo wake si upungufu wa kitu chochote. Alikuwa ametosha kamili. Walipopita mstari na Shaba akaanza kupunguza mwendo, ndipo sauti za watu zilipomrudia, na watu hao walikuwa wakiita neno moja. Kwanza hakulielewa. Mmadi ndiye aliyemwambia wanamwita Ti Mombasa, yaani Mombasa mdogo.

Alishinda mara tatu msimu ule. Watu wa mjini wakamjua, wauza matunda wakampa mananasi bila kutaka kitu, na vijana walimfuata wakitembea kwa mtindo wake wa miguu iliyopinda. Hakunywa, hakucheza kamari. Alikula kidogo, akasali Jumapili katika kanisa ambalo lugha yake hakuielewa, na jioni alikaa na Mmadi nje ya mabanda akizungumza habari za nyumbani. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia wasiwasi kidogo, kwa kuwa alianza kusahau sura ya mtoto wake.

Msimu ulipokuwa unakaribia kuisha kulibaki kikombe kikubwa, ambacho Larosh alikuwa hajapata kukichukua. Asubuhi ya kabla ya mashindano, Tsofa akiwa juu ya Shaba, alisikia kitu mwilini mwake mwenyewe: mguu wa kushoto wa mbele ulikuwa ukishuka kwa kusitasita. Kilikuwa kitu kidogo mno, kama mtu aliyetaka kusema neno akaliacha. Alishuka, akaupapasa mguu, akamwambia Mmadi, na Mmadi akamwambia Larosh. Larosh hakupuuza. Aliita daktari wa mifugo, na daktari akauchunguza mguu muda mrefu, akamtembeza Shaba kwenye mawe, akamkimbiza, akasema ni mzima. Hata Mmadi alipomtazama hakuona kasoro.

Siku ya pili uwanja ulijaa. Tsofa alipimwa, akavaa shati lake la manjano, akapandishwa, akazungushwa mbele ya watu pamoja na wapanda farasi wenzake. Akakisikia tena kile kitu. Kulia, kulia, kushoto, na pale kwenye kushoto lile neno lisilosemwa. Mapaja yake yakamkumbuka Meja kabla kichwa hakijamkumbuka. Alimwongoza Shaba pembeni, akashuka.

Larosh alikuja haraka, Mmadi nyuma yake.

"Anauliza unaumwa?"

"Mwambie mimi siumwi. Mguu wa Shaba ndio."

"Anasema daktari ameuona mguu. Hauna kitu."

"Najua. Nilikuwapo."

"Basi anasema panda."

Watu waliokuwa karibu na uzio walikuwa wakitazama. Tsofa aliona uso unamchoma kama umepakwa pilipili. Akasema, "Mwambie anisamehe. Siwezi kumpanda leo."

Mmadi hakufasiri mara moja. Alimtazama Tsofa kama anayemngojea abadilishe, na alipoona habadilishi, akayasema. Larosh hakupaza sauti. Alichukua hatamu mkononi mwa Tsofa, akamwita mmoja wa wapanda farasi wake, kijana wa pale pale ambaye Shaba alikuwa ameanza kumvumilia, akampandisha.

Tsofa hakuweza kutazama. Alikwenda nyuma ya jukwaa, akasimama amegeukia ukuta, mikono kifuani, akasikiliza. Alisikia kwato zikianza, zikififia upande wa mlimani, zikarudi. Alikuwa akingoja kishindo kikatike. Alingoja kilio cha watu kile kinachotoka wanapoona jambo baya. Badala yake alisikia shangwe, kubwa kuliko zote alizopata kusikia, na jina lililokuwa likiitwa halikuwa lake. Shaba alikuwa ameshinda.

Alikimbia mpaka mabandani akamkuta analetwa, anatoka jasho, anatupa kichwa kwa majivuno. Tsofa alipiga magoti majanini akaushika mguu wa kushoto. Aliupapasa kutoka gotini mpaka kwatoni, akarudia, akaweka shavu lake juu yake. Haukuwa na joto. Haukuwa na uvimbe. Ulikuwa mzima kabisa, na labda siku zote ulikuwa mzima. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka huku anacheka, na vijana wa mabandani wakasogea pembeni wakimwonea haya.

Larosh alimkuta hapo. Alisema neno, na Mmadi akalifasiri kwa sauti ya chini.

"Anasema ulikosea."

"Nilikosea. Namshukuru Mungu."

"Anauliza, kweli umefurahi?"

"Mwambie nimefurahi sana."

 Larosh akasema, bila uchungu, kwamba kama Tsofa anataka kubaki kuwatunza farasi wake, mahali pake papo na Shaba atakuwa mkononi mwake. Lakini hatampandisha tena kwenye mashindano. Alisema hawezi kumtegemea mpanda farasi aliyeshuka mbele ya uwanja mzima na farasi ni mzima, hata kama ni mtu mwema. Tsofa aliona kwamba hayo ni maneno ya haki, akamjibu kwamba amemwelewa. Akaomba nafasi katika meli itakayokwenda Mombasa. Alijua kwamba akibaki atakuwa akimtayarisha Shaba kila asubuhi kisha anampa mtu mwingine, na hilo hakujiona na moyo wa kuliweza. Tena alikuwa na mtoto.

Alimuaga Shaba bila kukawia. Alimpa majani, akasimama mpaka alipomaliza kula, akaondoka.

Alifika Changamwe mwezi wa Januari. Dorcas alikuwa anatembea. Alipomwona baba yake alijificha nyuma ya mama yake akachungulia kwa jicho moja, na ilimchukua muda kumkubali. Mbeyu alimwandalia mumewe uji wa mtama, akaketi kwenye mbuzi kukuna nazi, na Tsofa akamhadithia yote, tangu Meja mpaka mguu wa Shaba. Alipofika kwenye Ti Mombasa, Mbeyu aliacha kukuna akamwambia arudie, kisha akalisema lile jina mwenyewe mara mbili tatu, akicheka kimya kimya. Mwishoni akauliza:

"Na uliposhuka, Baba Dorcas, hukuona aibu?"

"Niliona. Ningepata shimo ningeingia."

"Na sasa?"

"Ilikwisha pale aliporudi mzima. Sijui ilikwenda wapi."

Mbeyu akaendelea kukuna nazi yake.

Lililomtisha zaidi lilikuwa kwa mkwewe. Alikwenda Jumamosi, akaamkia shikamoo, akaketi, akamwambia mzee Garama moja kwa moja kwamba alivunja ahadi: hakucheza kamari, lakini alishindana. Mzee Garama alimsikiliza mpaka mwisho, macho kwenye fimbo yake. Alisema ahadi ni ahadi, na kwamba ataliweka jambo hilo mbele ya Mungu. Halafu, Tsofa akiwa tayari amesimama kuondoka, mzee akamwuliza kama aliwahi kushinda.

"Mara tatu, Baba."

Mzee Garama alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa habari ya mvua. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimvuta Tsofa kando nyuma ya kanisa akamwuliza kwa sauti ndogo, je, farasi anapokata kona kwa kasi ile, mtu hushika nini asianguke. Tsofa alimwonyesha, akiwa amechutama nusu, mikono mbele, na mzee akatazama kwa makini sana.

Kamau alikuwa bado mabandani. Alisikiliza habari zote huku anampiga farasi brashi, akatoa lake walipoketi kula.

"Mimi ningempanda," alisema.

"Najua," akasema Tsofa.

"Daktari amemwona. Mwenye farasi amemwona. Ningempanda."

"Na ungeshinda, Kamau. Alikuwa mzima."

Kamau alimtazama kuona kama kuna kejeli ndani yake, asiione. Akammegea mwenzake kipande kikubwa cha muhogo, nao wakala.

Farasi walizidi kupungua. Jeshi lilikuwa limehamia kwenye magari, na masetla vilevile; siku zilipita bila behewa hata moja la farasi kufunguliwa pale stesheni. Mwaka wa arobaini na nane mabanda yalifungwa, Kamau akarudi kwao Limuru, na Tsofa akanunua punda wawili akawa anachukua maji na kuni kati ya Changamwe na Mikindani. Ilikuwa kazi ya polepole. Hakuidharau, na punda wake hawakuwa na vidonda mgongoni kama wa wengine. Wapo waliojua habari ya Morisi na wapo wasiojua. Aliyeuliza alijibiwa, na asiyeuliza hakuambiwa.

Dorcas alipokuwa na miaka minne hivi alidai kupanda punda. Majirani walisema si jambo la mtoto wa kike. Mbeyu alisimama mlangoni, mkono kiunoni, hakusema ndiyo wala hapana. Tsofa akampandisha mtoto, akamwekea mikono panapostahili, akamfunza kukaza magoti, naye akashika kamba akatembea mbele kuelekea kisimani. Kila baada ya hatua chache Dorcas alimwambia aende mbio, na Tsofa alimwambia bado.